Taa ya Kiti cha Nyuma

Taa mpya hazikuzimika zote. Saulo alifunga mlango wa gari lake aina ya Noah, akasubiri. Ya mbele ilizimika, ya katikati ikazimika, lakini ya nyuma ilibaki na mwanga mwembamba, kama maziwa yaliyotiwa maji.

Asubuhi alirudi Mwanjelwa kwa Anord, fundi aliyezifunga.

"Hizi ni LED, mzee," Anord alisema. "Zinakula kidogo kama mgonjwa. Umeme ukivuja hata chembe, zinawaka."

"Mbona ya nyuma tu?"

"Labda nyuma kuna mtu."

Saulo hakucheka. Anord akakohoa, akachukua rezista ya kuzuia umeme unaovuja na kuiunga kwenye waya.

Saulo hakumwambia kwamba balbu za zamani ziliungua zote kwa siku moja, Jumamosi aliyorudi kutoka darajani, kwenye mto wa kwao mkewe.

Mkewe, Veneranda, alifariki mwezi Machi. Saulo alimsafirisha kwa gari hilohilo, kutoka Mbeya hadi kwao Kilolo. Katika ukoo wa Veneranda, maiti ikifikishwa kwenye mto unaopakana na mashamba yao, huitwa jina na kuambiwa kwamba sasa wanavuka, twende. Asiyeambiwa hubaki ng'ambo. Devota, dada wa marehemu, aliyekaa nyuma na jeneza, alimsihi aseme. Saulo alikuwa mzee wa kanisa. "Marehemu hasikii," alijibu, akaanza kuimba pambio, wakavuka daraja.

Miezi mitatu alisonga ugali wa mtu mmoja, na kila siku ulibaki. Jumamosi ile alishindwa. Aliendesha peke yake hadi kwenye daraja lile, akashuka kwenye ukungu, akafungua mlango wa nyuma. Jina hakuweza kulitaja. "Mke wangu, nisamehe," alisema. "Panda, twende nyumbani."

Rezista ya Anord haikusaidia kitu. Jioni hiyo, akiwa bado ndani ya gari uani kwake, taa ya nyuma iliongeza mwanga yenyewe. Kiti cha nyuma kikalia, kama kinavyolia mtu anapokaa. Harufu ya tope la mtoni ikajaa. Saulo aliogopa, kisha machozi yakamtoka kwa furaha.

"Umefika," alinong'ona.

Tangu hapo kila jioni alikaa garini na kusimulia: mahindi yaliyooza, kikao cha kanisa, jirani aliyehama. Nyuma palisikika pumzi tu, polepole, yenye majimaji.

Jioni ya tisa ndipo alipokumbuka kwamba Veneranda alikuwa mfupi, kichwa chake hakikupata kufika juu ya kiti, na pumzi aliyokuwa akiisikia haikutoka kitini bali juu, karibu kabisa na dari, ikishuka taratibu hadi nyuma ya shingo yake, na alipojilazimisha kutazama kwenye kioo hakuona uso wala mwili, aliona mto wa kiti umebonyea kwa uzito ambao mkewe hakuwahi kuwa nao, na maji meusi yakitiririka kutoka hapo hadi sakafuni.

Alfajiri alikwenda Kilolo.

"Kamwene, shemeji," Devota alimpokea kwa salamu ya Kihehe. "Mbona umekonda hivyo?"

Alimweleza yote. Devota alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Mdogo wangu alivuka," alisema. "Nilimwambia mimi, kwa Kihehe, mdomo wangu juu ya mbao za jeneza. Wewe ulikuwa unaimba."

"Kumbe alivuka?"

"Alivuka, shemeji. Amelala pale kwa mama yake."

Saulo alitazama gari lililosimama uani. "Basi huyu ni nani?"

"Ulimwita kwa jina gani?"

"Sikutaja jina."

Devota alivuta khanga mabegani. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa chini sana. "Aliitika aliyekuwa karibu. Mrudishe palepale, leo, usimlaze tena kwako. Fungua mlango, mwambie shuka. Usigeuke kumtazama. Neno hilo moja tu."

Saa kumi na moja jioni Saulo alisimama darajani. Alifungua mlango wa nyuma, akageukia mto. Ukungu ulikuwa umefunika maji, yakawa yanasikika tu. Nyuma ya mgongo wake pumzi ilikoma, kama ya mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Shuka. Neno lilikuwa tayari ulimini. Aliwaza nyumba yake kule Mbeya, sahani moja kwenye kichanja, redio anayoiwasha ili kuwe na sauti, na kitanda ambacho shuka lake upande mmoja halikunjamani, na alisimama hivyo mpaka koti likalowa na vidole vikafa ganzi.

Alifunga mlango. Akapanda, akawasha gari.

"Safari bado ndefu," alisema. "Sogea mbele kidogo. Huko nyuma kuna baridi."

Kiti cha nyuma kililia. Taa ya katikati ikawaka.