Uji wa Vitu Tisa

Asubuhi, katika ploti moja ya nyumba za kupanga huko Kitengela, ungeweza kujua kila nyumba inakula nini kwa kunusa tu. Nyumba ya kwanza ilipasha moto mandazi ya jana. Ya pili ilichemsha chai ya rangi na tangawizi. Ya tatu haikunuka kitu, kwa sababu mwenyewe alikuwa kijana asiye na mke, naye alikunywa chai yake kibandani kando ya barabara.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Caren na mumewe Nashon. Hapo palikuwa na chai ya maziwa na ugali wa jana, uliokatwa vipande na kuchomwa juu ya jiko mpaka ukashika ganda. Nashon aliupenda hivyo. Alikula akiwa amesimama, akafuta mikono, kisha akaenda zake kiwandani.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Nasieku. Kutoka huko ilikuja harufu ya uji wa wimbi. Ilipita chini ya mlango wa Caren kila siku, hata kabla jua halijapanda. Caren aliichukia harufu ile.

Aliichukia kwa sababu ya Ledama.

Ledama alikuwa mtoto wa Nasieku. Yeye na Otiende, mtoto wa Caren, walizaliwa juma moja, katika kliniki moja. Sasa wote walikuwa na miezi tisa. Ledama alikuwa na mashavu mazito na mikono yenye mikunjo. Otiende alikuwa na shingo nyembamba na macho makubwa. Wakiwekwa pamoja kwenye mkeka, watu walimwinua Ledama kwanza.

Jioni moja Nashon naye alimwinua.

"Wuololo! Huyu ni gunia la mahindi!" alisema akicheka. "Mama Otiende, hebu muulize mwenzako anampa nini."

Nashon hakukusudia ubaya. Lakini maneno yale yalimkaa Caren moyoni. Usiku mzima hakumsemesha mumewe.

Kesho yake alimkuta Nasieku akianika nguo.

"Supa, Mama Otiende," Nasieku alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Ati Mama Ledama, wewe unaweka nini kwa uji wa mtoto?"

"Wimbi tu. Na maziwa."

"Wimbi tu?"

"Na maziwa. Nikipata ndizi, nampondea ndizi baadaye."

Caren alicheka kidogo, akarudi ndani. Moyoni alisema, "Ananificha. Mtoto hawezi kunenepa hivyo kwa wimbi tu."

Siku ya Jumamosi alipata alichoona kuwa ni ushahidi. Ulikuwa mwaka 1998. Mvua kubwa ya El Nino ilikuwa imekwisha, lakini udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa bado unashika viatu. Caren alikuwa anavuka njia akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga. Akamwona Nasieku mlangoni kwa Muteti, mwenye mashine ya kusaga. Nasieku alikuwa na mifuko mitano. Mmoja ulikuwa na wimbi, mwingine mtama, mwingine mahindi. Ile mingine miwili Caren hakuiona vizuri.

"Kumbe!" alisema peke yake. "Vitu vitano! Na mimi ananiambia wimbi tu."

Alikwenda moja kwa moja sokoni. Alinunua mahindi, wimbi, mtama, mchele na ngano. Kisha akaongeza soya, maharagwe na njugu. Nyumbani alikuwa na omena, dagaa mkavu wa ziwani, aliyetumwa na mama yake kutoka Siaya, naye akatiwa humo. Vikawa vitu tisa. Alivimimina vyote katika beseni moja, akavichanganya kwa mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Nashon aseme yale maneno, alijisikia vizuri.

Muteti alipoliona lile beseni, alizima mashine.

"Mama Otiende, leo umeniletea duka zima?"

"Wewe saga."

"Hii soya haijakaangwa. Na njugu yako iko na unyevu. Unaona hii? Iko na rangi ya kijani."

"Muteti, nilikuja kusagiwa, sikuja kuhubiriwa. Mbona Mama Ledama hukumuuliza maswali?"

"Mama Ledama hakuleta samaki," Muteti alisema. Lakini aliwasha mashine.

Unga ulitoka wa rangi ya majivu. Caren aliujaza katika mkebe mkubwa, akaufunga.

Uji wa unga ule haukutaka kuwa laini. Ulikuwa na chengachenga zilizomkwama Otiende kooni. Basi Caren aliongeza maji. Mtoto akikataa, aliongeza maji tena na sukari, mpaka uji ukanyweka kwenye kikombe kama chai. Otiende alikunywa kikombe kizima. Tumbo lilijaa, likawa gumu. Baada ya muda mfupi alianza kulia huku akikunja miguu.

Juma la pili Otiende alianza kuhara. Caren alifikiri ni meno. Juma la tatu mifupa ya mabega ilionekana. Caren akasema labda vitu tisa havitoshi, akaongeza muhogo mkavu.

Siku ya kliniki ilipofika, akina mama walikaa kwenye benchi wakiwa na kadi za watoto mkononi. Kila kadi ilikuwa na mstari unaoonyesha uzito wa mtoto mwezi baada ya mwezi. Mstari wa Ledama ulipanda. Caren aliibana kadi yake katikati ya magoti ili mtu asiisome.

Muuguzi aliitwa Sista Ndulu. Alimweka Otiende kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena. Kisha akaandika. Mstari wa Otiende ulikuwa umeshuka.

"Mama, mtoto anahara?"

"Kidogo. Ni meno."

"Si meno. Meno hayaharishi mtoto hivi." Sista Ndulu alimfinya Otiende ngozi ya tumbo polepole. "Asubuhi hii amekula nini?"

Caren aliinua kichwa. Hili swali alikuwa amelingoja.

"Uji," alisema kwa sauti, ili hata Nasieku aliye nyuma asikie. "Uji wa mahindi, wimbi, mtama, mchele, ngano, soya, maharagwe, njugu na omena. Siku hizi naweka na muhogo."

Sista Ndulu hakumsifu. Aliweka kalamu chini.

"Nitakupa dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji safi, umpe kila anapohara. Endelea kumnyonyesha, usiache. Na huo uji usimpe tena mpaka niuone. Kesho asubuhi nitapita kwako. Lakini sikiza, mama. Huyu mtoto akishuka tena, nitakuandikia barua umpeleke hospitali kubwa Kajiado, alazwe."

Caren alimchukua Otiende na kumfunika. Miaka mitatu nyuma alikuwa na mtoto mwingine, msichana, Akinyi. Akinyi naye alianza kwa kuhara na kukonda, akafa kabla ya kutimiza mwaka. Walimzika nyumbani Siaya. Katika ploti hakuna aliyejua. Caren hakuwahi kulitamka jina lile Kitengela.

Alitembea kurudi nyumbani akiwa amembana Otiende kifuani, akihesabu pumzi zake.

Kesho yake Sista Ndulu alifika wakati Nashon alikuwa bado anafunga viatu. Siku hiyo Nashon hakuenda kazini mapema. Alikaa kitandani, akasikiliza.

"Nipe huo mkebe," Sista alisema.

Alifungua kifuniko, akanusa. Akamwambia Caren naye anuse. Unga ulikuwa na harufu chungu, kama mafuta yaliyokaa siku nyingi.

"Njugu iko na mafuta. Omena pia. Ukisaga na uweke kwa mkebe, mafuta yanaharibika na unga wote unaharibika. Na njugu iliyonyeshewa inashika ukungu. Ule ukungu ni sumu, hata ukichemsha hautoki."

Caren alikumbuka maneno ya Muteti, akatazama chini.

"Uji wako unachemka kwa muda gani?"

"Mpaka uchemke tu. Kama dakika kumi."

"Maharagwe ya kula jioni unachemsha dakika kumi?"

Nashon alicheka, kisha akajizuia.

"Basi maharagwe na soya mbichi ndani ya uji haviivi," Sista aliendelea. "Ndiyo maana mtoto anashikwa na tumbo. Ukiweka vitu vingi hivyo, kila kimoja kinataka moto wake. Sasa nionyeshe vile unampa."

Caren alimwonyesha kikombe. Sista alichovya kijiko katika uji wa jana, akakiinua. Uji ulidondoka wote, kijiko kikabaki kitupu.

"Haya ni maji, mama. Tumbo la mtoto ni kama ngumi yake. Ukilijaza maji, chakula kitaingia wapi? Uji wa mtoto wa miezi tisa unafaa kukaa kwa kijiko."

Wakati huo Nasieku alipita nje na sufuria yake. Sista Ndulu alimwita.

"Mama Ledama, ingia na huo uji wako. Umeweka nini?"

"Wimbi na maziwa, Sista."

Caren hakuweza kunyamaza tena. "Na ile mifuko mitano? Niliiona na macho yangu kwa Muteti!"

Nasieku alimtazama kama mtu asiyeelewa. Kisha akacheka mpaka sufuria ikatikisika.

"Oi, Mama Otiende! Ile mifuko? Ya kwangu ilikuwa moja! Zile zingine zilikuwa za akina mama wa kanisa. Hawakutaka kuchafua viatu na hiyo matope, wakanituma mimi, ati mimi nimezoea matope ya ng'ombe."

Nashon aliinama akajifanya anafunga kiatu. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Caren alihisi uso ukimwaka.

Sista Ndulu hakucheka. Alimwaga unga wa vitu tisa katika shimo la takataka, akaufukia. Alisema hata kuku wasipewe. Kisha akaomba unga wa wimbi na maziwa kwa Nasieku, akawasha jiko.

"Tazama. Unga wa nafaka moja, au mbili ukipenda. Wimbi, mtama au mahindi. Ichague, ioshe, uikaushe kabisa kabla ya kusaga. Saga kidogo, ya siku chache. Uji ukishaiva vizuri na umekuwa mzito, ndipo unaongeza kile cha kumjenga mtoto. Leo maziwa. Kesho njugu safi iliyokaangwa, ukaponda siku hiyo hiyo. Siku nyingine yai, likoroge ndani na uache liive. Kitu kimoja kinatosha kwa asubuhi moja. Sukari si lazima."

"Na omena?" Caren aliuliza kwa sauti ndogo.

"Omena ni mzuri sana! Lakini mpe mchana. Mchemshe, umponde vizuri na ugali na mboga. Uji peke yake haulei mtoto. Na chai usimpe. Chai inazuia damu yake kupata nguvu ya chakula."

Uji uliiva. Sista aliinua kijiko, akakigeuza kidogo. Uji ulikaa. Aliuacha upoe, kisha akampa Caren kijiko. Otiende alikula vijiko vitatu, akageuza uso.

"Usimlazimishe. Mpe tena baada ya masaa mawili. Mtoto mgonjwa anakula kidogo kidogo, mara nyingi."

Sista Ndulu alipoondoka, Nashon naye alikwenda kazini. Nasieku alibaki mlangoni.

"Kwa nini hukuniamini?" aliuliza.

Caren alikuwa akimfuta Otiende mdomo. Alifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Niliona wivu," alisema. "Mtoto wako ananenepa, wangu anaisha. Kila asubuhi nikisikia harufu ya wimbi yako, nilitaka kukuja nimwage hiyo sufuria."

Nasieku alikaa chini, hapo hapo kwenye kizingiti.

"Nilizika mmoja," Caren akaendelea. "Kabla ya huyu. Anaitwa Akinyi. Alikonda hivi hivi."

Nasieku alisogea karibu naye.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia aje, na Ledama ako na mashavu kama mandazi?"

Walicheka wote wawili, na Caren akalia. Tangu siku ile Nasieku alimpimia kikombe cha maziwa kila asubuhi, yale ambayo mumewe Katoo alileta kutoka kwa ng'ombe wao. Caren naye alimpa omena na kumfundisha kumpika. Mwanzoni Nasieku aliziba pua. Ledama hakuziba.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Otiende alihara kidogo, kisha akaacha. Alikula vijiko vitano, halafu saba. Siku moja alishika mkono wa mama yake, akauvuta ili kijiko kisiende mbali. Kliniki iliyofuata, mstari haukushuka. Ulikaa pale pale. Mwezi uliofuata mstari ulipanda, na Sista Ndulu akasema ile barua ya Kajiado haitaandikwa. Caren alimwambia Muteti mwenyewe kwamba alikuwa amesema kweli. Muteti akamsagia wimbi bila kulipisha, akisema hiyo ni zawadi ya kutomletea samaki.

Miezi miwili mingine ikapita. Asubuhi moja Nasieku alikuwa bombani, akingojea mtungi wake ujae. Alikuwa amemwacha Ledama kwa Caren. Otiende alikaa kwenye mkeka, uji kidevuni, akipiga sahani kwa kijiko ili aongezewe. Ledama alishika ukuta. Kisha akauachia.

Alipiga hatua moja. Akayumba. Akapiga ya pili, na ya tatu.

Hakuna mtu mwingine aliyeona. Otiende alikuwa bado hajui hata kusimama. Caren alihisi kile kitu cha zamani kikimchoma chini ya mbavu, na akajua jina lake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumkalisha Ledama chini, na kungoja Otiende naye asimame.

Alitoka mbio mpaka mlangoni, mwiko mkononi.

"Mama Ledama!" alipiga kelele, ploti nzima ikasikia. "Wacha hiyo maji! Kuja uone! Mtoto wetu anatembea!"