Mfuko wa Mama na Soseji za Mjomba

Kila Jumamosi, kabla kiwanda cha sukari hakijaanza kumwaga masizi juu ya mji wa Lautoka, huko Fiji, Vasiti huwa ameshafua sare zake za shule, ameziingiza ndani zisichafuke, na amemenya mhogo wa Bubu. Bubu ni bibi yake, mama mzazi wa mama yake. Miguu ilimzuia Bubu kutoka, lakini masikio yake yalifika mpaka sokoni na kurudi na habari.

Kazi zikiisha, Vasiti na mama yake, Ulamila, huenda sokoni kununua nazi na majani ya magimbi. Safari yenyewe ni fupi, ila mama aliirefusha. Hakuweza kumpita mtu bila kumsimamisha. "We wa kijiji gani? Mama yako nani? Ala! Basi wewe ni shemeji yangu!" Ndivyo walivyo Wafiji. Mtu asiyeuliza ukoo hudhaniwa kwamba ana lake jambo.

Basi mama naye akaanza kuwa na lake jambo.

Ilianzia kituo cha mafuta. Nyumbani mhogo ulikuwa umejaa sufuria, lakini mama aliingia pale akanunua pai moja. Akasoma jina la msichana muuzaji lililoandikwa kifuani, akatazama saa, kisha akaomba choo. Mlango haukufungika sawasawa, na Vasiti akamwona mama yake akipiga picha sinki la kunawia mikono.

"Mama, yule dada si wa kijiji cha Bubu? Mbona hukumsalimu vizuri?"

"Twende," mama akasema. Walipofika kwenye kona akampa Vasiti ile pai. "Kula. Halafu uniambie, ni ya moto au vuguvugu?"

Ilikuwa vuguvugu. Vasiti aliimaliza, maana pai ni pai, lakini moyo wake haukutulia. Nani anayepiga picha sinki?

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Jumatano mama aliaga kwamba anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Muda si mrefu kiongozi wa kwaya akapita dirishani kuuliza, "Ulamila anaumwa? Wiki ya pili hii hatumwoni." Vasiti akajibu kwamba mama ametoka kidogo, na shavu likamwaka kwa aibu. Mama aliporudi alikuwa ameshika dawa ya meno, na nyumbani zilikuwamo nyingine mbili ambazo hazijafunguliwa.

Kilichomvunja Vasiti kabisa ni maneno ya Shalini, rafiki yake wa darasani. Baba yake Shalini alikuwa mlinzi wa duka la dawa karibu na stendi ya mabasi.

"Baba anasema kuna mama mmoja ana mfuko wa maua ya njano," Shalini alisema wakati wa mapumziko, huku akikunja chapati yake. "Anaingia dukani, anauliza maswali, anasoma majina ya watu vifuani, anatazama mpaka dari. Halafu ananunua dawa ya meno moja, huyoo! Baba anasema wezi huanza hivyo. Wanapima mlango kwanza."

"Mifuko ya maua ya njano iko mingi."

"Mingi, sawa. Yenye kiraka cha bluu je?"

Mfuko wa mama ulikuwa na kiraka cha bluu. Vasiti mwenyewe ndiye aliyekishona.

"We Shalini, ukimtaja mama yangu nitakuangusha kama kwenye raga!"

"Mimi niangushe tu. Yeye atakuja kuangushwa na polisi."

Vasiti alikwenda kujifungia chooni akalia. Alimpenda mama yake, na alimshuku, na vitu viwili hivyo havikai vizuri katika kifua kimoja. Jioni akamsogelea Bubu mkekani.

"Bubu, mama anatuficha kitu?"

"Anaficha, ndiyo," Bubu akasema bila kushtuka. "Lakini mwizi hapati usingizi, na mama yako anakoroma mpaka kuku wanaamka. Muulize mwenyewe."

Vasiti hakuuliza. Aliogopa jibu. Badala yake akaamua kumchunga mama yake kama paka anavyochunga shimo la panya.

Jumamosi iliyofuata mama akachukua ule ule mfuko wa maua ya njano. "Leo twende supamaketi kubwa," akasema.

Ndani, mama alipita katikati ya rafu akiangalia sakafu, bei na nyuso za wafanyakazi. Mlangoni alisimama mlinzi mwenye mikono mikubwa, na Vasiti aliona kila mara kwamba anawatazama wao tu. Walipofika kwenye unga, mama akasimama ghafla. Rangi ya uso ilimbadilika.

Nyuma ya kaunta ya nyama, amevaa kofia nyeupe, alikuwapo Mjomba Eroni, kaka yake mama.

"Wamemhamishia huku lini?" mama alinong'ona. "Si alikuwa stoo, tawi la mji wa Nadi?"

Hapa kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, katika ukoo wao kaka na dada wakishakua hawasemezani ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima. Neno likiwapo, hupitia kwa mtu mwingine. La pili, Vasiti ni vasu wa Eroni, yaani mtoto wa dada yake, na vasu akisema anakipenda kitu cha mjomba, mjomba hasemi hapana. Vasiti alikuwa ameshachukua mwavuli wa Mjomba, kandambili zake, na keki yake ya Krismasi aliyokuwa hajaionja. Kitu kimoja tu hakuwahi kuthubutu kukitaja. Ni mpira wa raga ambao timu ya kijiji ilimzawadia Mjomba, ambao aliuweka juu ya kabati, umefungwa kwenye nailoni, na haruhusu mtu hata kuupuliza vumbi.

Mama aliinama sikioni kwake. "Nenda wewe. Muulize nyama ipi ya kondoo inafaa supu, akupimie kilo moja. Usimwambie kama niko hapa."

"Kwa nini?"

"Nenda tu, mwanangu."

Mjomba alipomwona alishika kichwa. "Jamani, bosi wangu kaja! Nifiche wapi viatu vyangu?" Watu wa foleni wakacheka. Akamwonyesha nyama ya shingo, akamweleza ichemshwe polepole na vitunguu, akaipima vizuri, akabandika karatasi ya bei. Kisha akatupa jicho kulia na kushoto, akachota soseji kwa mkono mmoja, akazifunga kwenye nailoni na kuzitumbukiza chini ya nyama.

"Hizi za vasu. Mpelekee Bubu."

"Hazijapimwa, Mjomba."

"Tangu lini vasu akapimiwa? Haya nenda, kuna foleni."

Vasiti aliondoka na ule mzigo. Sasa alielewa yote, au alidhani ameelewa. Ndiyo maana mama amejificha! Ndiyo maana katumwa yeye! Alipofika kwenye unga akauweka mzigo sakafuni.

"Mama, mimi siibi. Ukitaka kuiba, iba mwenyewe."

"Unasema nini?"

"Shalini kaniambia yote. Unapima milango. Unapiga picha vyoo. Kwaya huendi! Na leo mmepanga na Mjomba, mimi ndiye nibebe!"

Mama alifungua mzigo, akaziona soseji. Akakaa juu ya gunia la mchele kama mtu aliyekatwa nguvu.

"Ulidhani mama yako mwizi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Machozi yalimlenga. "Na ni kosa langu. Nimekuficha mpaka umejitafutia jibu lako. Sogea hapa."

Akamwambia kwa kunong'ona. "Mimi ni mnunuzi wa siri. Kuna kampuni inayolipwa na wenye maduka. Inatutuma tuingie kama wateja wa kawaida, tuone kama pai ni ya moto, choo ni safi, muuzaji ana adabu. Halafu tunaandika ripoti. Nikijulikana tu, kazi imekwisha."

"Ulilipa ili wakupe kazi?"

"Wala! Walitokea wengine kwenye simu, wakataka niwatumie hela kwanza. Nikawafutilia mbali. Kazi ya kweli haikuombi hela ndipo ikupe hela. Hawa walinipa mtihani, kisha vikazi vidogo, pai na dawa ya meno. Nikajifunza kuchukua maduka yaliyo njia moja nisipoteze nauli, na kutuma ripoti siku ile ile, kila kitu kwa ukweli. Ndiyo sababu wamenipa duka hili. Likienda vizuri watanipa kazi za miji mingine, nasi tutaezeka upya lile paa linalovuja."

Vasiti alijisikia mwepesi na mzito kwa pamoja. "Na Mjomba?"

Mama alizitazama tena soseji. Sharti la kampuni lilikuwa wazi, kwamba usimpime ndugu yako, na maswali uulize mwenyewe. Mdomo wake haukuweza kumfikia kaka yake, hivyo alikuwa amemtuma mtoto, akikusudia kuandika kwamba ameuliza yeye. Na sasa soseji. Akizitaja, Eroni atafukuzwa. Asipozitaja, ripoti ni uongo. Wakitoka nazo, mlinzi yule mlangoni atamkamata Vasiti.

"Nilifikiri niandike tu," mama alisema. "Nani angejua?"

"Mimi ningejua, Mama."

Mama akatoa soseji kwenye mzigo, akampa. "Mrudishie. Mimi siwezi kusema naye. Wewe unaweza."

Vasiti alirudi kwenye kaunta. Foleni ilikuwa imerefuka, na kila mtu akageuka kumtazama.

"Mjomba, chukua soseji hizi."

"Mbona? Zimeoza?"

"Vasu huchukua cha mjomba," Vasiti alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hizi si zako."

Mjomba Eroni aliacha kucheka. Shingo ilimwiva. Alizipokea, akazipima, akabandika bei, akaziweka kando ya mzani. "Jioni nitazilipa mwenyewe," akasema taratibu. "Nenda, vasu wangu. Nimekusikia."

Siku ile ile mama aliiandikia kampuni kwamba muuza nyama ni kaka yake wa damu, kwamba maswali aliuliza binti yake, na kwamba kwa hiyo hana haki ya kumpima, basi kazi wampe mtu mwingine. Hakulipwa kitu, hata nyama ya supu ilikuwa kwa gharama yake. Waliila usiku ule, mvua ikidondoka katika sufuria iliyotegwa chini ya paa.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Bi Reshma, msimamizi wa wanunuzi wa siri.

"Dada Ulamila, watu hukataa kazi kabla ya kuifanya," alisema. "Wewe umeikataa baada ya kuifanya, na hela ilikuwa imebaki hatua moja uipate. Ripoti ya mtu kama huyo naweza kuiamini. Utaweza miji ya Ba, Tavua na Rakiraki?"

Bubu aliposikia majina hayo aliguna mkekani. "Tavua? Una binamu huko kama mchanga wa pwani!"

"Basi maduka yao nitayakataa mapema," mama akasema, na safari hii alicheka.

Shuleni, Shalini bado alikuwa anamtazama Vasiti kwa jicho la pembeni. Vasiti hakuweza kumweleza, kwa kuwa siri haikuwa yake. Alimwambia tu, "Mwambie baba yako siku nyingine amwombe yule mama risiti kabla ya kumwita mwizi." Na mama alibadilisha mfuko.

Jumapili, baada ya kanisa, Mjomba Eroni alikuja na mzizi wa yakona, ule unaotengenezewa kinywaji cha heshima, kama desturi inavyotaka kwa anayeomba radhi. Alikaa sakafuni mbele ya Bubu. Mama alikaa hapo hapo, akimpa kaka yake ubavu.

"Mama, mwambie dada nimekwenda mwenyewe kwa meneja," Mjomba alimwambia Bubu. "Nimemweleza kwamba nilikuwa nawaongezea ndugu. Nimelipa, nimepewa onyo, na nimerudishwa stoo."

"Anasema amerudishwa stoo," Bubu akamwambia mama, aliyekuwa amesikia kila neno.

"Mwambie nimefurahi kwamba hakufukuzwa," mama akasema. "Na mwambie mimi pia nilikuwa karibu kudanganya."

"Nimechoka kuwa simu yenu," Bubu akasema, akaupokea mzizi na kuuweka mbele yake. "Sasa nisikilizeni wote. Eroni, ukarimu kwa mali ya mwenzio ni wizi uliovaa nguo za kanisani. Ulamila, siri ya kazi si dhambi, lakini siri ikianza kukutaka useme uongo, iache. Mara hii umepoteza kidogo, na kwa hicho kidogo umepata jina jema, ndilo linalokuitia kazi. Nawe Vasiti, ulimshuku mama yako siku nyingi, ukaamini maneno ya njiani, na yeye analala chumba cha pili. Siku nyingine mtu wako akikutia shaka, muulize usoni. Ila ulipoambiwa uchukue kisicho chako ulikirudisha mbele za watu, na mimi nimefurahi sana."

Vasiti alikohoa kidogo.

"Mjomba, ule mpira wa raga ulio juu ya kabati. Ni wa timu, au ni wako?"

Mjomba Eroni alihisi hatari, lakini alikuwa ametoka tu kuomba radhi, hakuweza kusema uongo. "Ni wangu," akasema kwa shida. "Wangu kabisa."

"Umelipiwa? Una uhakika?"

"Walinipa mkononi, mbele ya kijiji kizima."

"Basi naupenda," Vasiti akasema.

Mjomba alifumba macho. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na Eroni, bila kumtazama dada yake, akacheka naye. Kisha akainuka, akaenda kwake kuuleta mpira.