Lugha ya Watingu

Kila siku kengele ya kutoka shuleni ikishalia, wanafunzi waliondoka makundi makundi, wakicheka na kusukumana. Msichana mmoja aliufuata ukuta peke yake mpaka kwenye kibanda cha baba yake, fundi wa funguo. Darasani walimwita Redio, kwa sababu alizoea kujisemea kwa sauti ya chini. Akinyamaza, walimwuliza kama betri zimekwisha. Akiongea, walijifanya wanatafuta kitufe cha kumzimia. Alikuwa amehamia shule hiyo baada ya mama yake kupata kazi mji mwingine, na mpaka sasa hakuna aliyekaa naye dawati moja kwa kupenda.

Kibandani nako mazungumzo yalikuwa haba. Baba alibana ufunguo kwenye jiliwa, akausugua kwa tupa, chuma kikalia kwii kwii kutwa nzima. Ndipo Redio alipojitungia Watingu. Watingu ni viumbe wadogo kuliko punje ya mchele, wana masikio sita na mkia wa waya, nao huishi ndani ya makufuli.

Lugha yao aliitunga kwa uangalifu, kanuni baada ya kanuni. Tendo hutangulia, mtendaji hufuata. Ndani ya kufuli ni giza, na gizani utasikia kitu kinatendeka kabla hujamjua anayekitenda. Nyakati ni mbili tu: kabla ya mlango kufunguka, na baada ya mlango kufunguka. "Ramuti beko" maana yake mtoto alikula, mlango ukiwa bado umefungwa. "Ramulo beko", alikula ulipokwisha kufunguka. Tena Mtingu haruhusiwi kusema "mimi" mpaka mwingine amwite kwanza. Kwa kanuni hiyo, Redio mwenyewe alikuwa hajawahi kulitumia neno hilo.

Siku moja alikuja binti wa dobi, aliyesoma naye darasa moja. Alikuwa ametumwa kuchongesha ufunguo wa stoo. Wakati anasubiri, alimsikia Redio akinong'ona mbele ya kufuli bovu. Hakucheka. Aliuliza hiyo ni lugha gani, akaelezwa, akavuta debe akakaa. Kesho yake alirudi bila kutumwa na mtu.

Alikuwa mwepesi wa kushika. Haukupita muda, akawa anaunganisha sentensi bila kubabaika. Siku alipotunga neno lake mwenyewe, "nufi", yaani kutu, Redio badala ya kufurahi aliingiwa na hofu. Akishajua yote, atakuja kufanya nini hapa? Aliyeshiba hakai jikoni.

"Umekosea," Redio akasema. "Mvua ikinyesha, mtendaji anatangulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Sasa nimekuambia."

Siku iliyofuata, Watingu wenye mkia mfupi wakapewa wakati wa tatu. Baadaye ikawa kwamba katika kufuli lenye kutu nyakati hazitumiki kabisa. Binti wa dobi alikuna kichwa, akaanza upya, kama mtu anayetia maji kwenye pakacha. Hakulalamika.

Habari za Watingu zikafika shuleni. Wakati wa mapumziko wenzao walitaka kuonyeshwa. Binti wa dobi akasimama katikati, akatamka sentensi ndefu juu ya mtoto aliyekula kutu, akiifuata kanuni ya jana neno kwa neno. Wakampigia makofi. Redio alikuwa nje ya duara. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Umekosea yote," akasema kwa sauti.

"Si jana umenifundisha hivi?"

"Sijasema hivyo mimi."

Kicheko kikalipuka. Mmoja akasema leo mtoto wa dobi kafuliwa yeye, bado kuanikwa. Binti wa dobi alimtazama Redio, akangoja kidogo, huenda atasema kitu. Redio akainamia viatu vyake. Mwenzake akaondoka.

Kuanzia hapo debe lilikaa tupu. Redio alijaribu kuwarudia Watingu wake, lakini maneno yalikuwa yamechacha kama chakula cha jana. Alisema sentensi, akanyamaza kungoja jibu, na tupa ndiyo ikamjibu. Zamani upweke wake haukuwa na sura. Sasa ulikuwa na sura ya mtu.

Baba akaiweka tupa chini, akauliza mwenzake yuko wapi. Redio akasema anaumwa. Baba akasema asubuhi amemwona amebeba furushi la nguo kubwa kuliko yeye. Huo ni ugonjwa gani? Redio akaeleza yote, huku baba akijifuta grisi vidoleni.

"Kwa hiyo kila akipata ufunguo, wewe unabadilisha kitasa," baba akasema. "Atajaribu mara ngapi, mwanangu? Mwishowe ataona hutaki aingie."

"Nilitaka aendelee kuja, baba."

"Najua. Basi mwambie yeye. Na kwa kuwa ulimwaibisha mbele za watu, msafishe mbele za watu."

Kesho yake, kabla mwalimu hajaingia, Redio alisimama darasani. Alisema aliyebadilisha kanuni ni yeye, aliyeongopa ni yeye, na mwenzake hakukosea hata neno. Walicheka, wakasema Redio leo imeshika stesheni. Binti wa dobi hakugeuza hata shingo.

Jioni Redio akamfuata nyumbani. Alimkuta uani akihangaika kukunja shuka pana, ncha moja ameibana kwa kidevu. Redio akashika ncha ya pili. Walikunja pamoja: wakavuta, wakasogeleana, vidole vikagusana, wakarudi nyuma.

"Kanuni nyingine unabadilisha lini?" binti wa dobi akauliza.

"Sibadilishi tena. Mpya tutatunga wote. Usipokubali, haiingii."

"Basi natunga moja. Mtu akikosea, anayecheka lazima amsaidie kusema upya." Akafikiri kidogo. "Haya, sema: wasichana wamekunja shuka."

Redio, mwenye lugha yake, akaanza na wasichana. Binti wa dobi alicheka mpaka shuka likamponyoka likaanguka chini. Kisha wakaisema upya pamoja, polepole, tendo mbele.

Mama dobi alikuwa dirishani na pasi yake, amesikia kila kitu.

"Hilo shuka mtalirudia kulifua nyinyi," akasema. "Lakini nisikilizeni, wanangu. Mwenzako akijua unachokijua, hajakupunguzia kitu. Sasa ndiyo umepata wa kuongea naye. Ukimdanganya ili asikuache, ndiyo unamfukuza. Ukitaka mtu akae nawe, mwambie kweli, na kesho umwambie kweli ileile."

Wakaitikia, "Ndiyo, mama," wakalibeba shuka kwenda bombani, kila mmoja na ncha yake.