Samli kwenye Mipira ya Wazamiaji

Kila alasiri, baada ya masomo, Jovita alipita nyumbani kuchukua chakula cha baba yake, ndizi zilizofungwa katika jani la mgomba, akakipeleka kwenye karakana ya ushirika wa maseremala mjini Bukoba. Mwaka ule wa 1974 karakana ilikuwa ikitengeneza madawati ya shule za vijiji vya ujamaa. Lakini wiki hiyo palikuwa na kazi ya aina nyingine. Kombi nyeupe ilikuwa imeng'olewa viti vyote vya nyuma ili ibebe vifaa vya wazamiaji.

Mmoja wa wazamiaji hao wawili alikuwa mjomba wake, Rugaibula. Walitakiwa kwenda katika kijiji kimoja cha ufukweni huko Muleba, ambako bomba la kuvuta maji kutoka kilindini lilikuwa limeziba. Tangu lizibe, watu walichota maji machafu ya ukingoni, na watoto wengi walikuwa wakiharisha.

Baba yake, Ildefons, alikuwa amefunga ndani ya gari ubao mnene wenye matundu ya mviringo, kila tundu la mtungi mmoja wa hewa. Sasa alikuwa akiyazungushia matundu hayo vipande vya tyubu ya baiskeli, ili mitungi isigongane barabarani.

"Taata, nami nipe kazi," Jovita alisema.

Mushumbusi, seremala mwenzake, alicheka. "Huyu? Ataivaa mipira ya wazamiaji shingoni kama shanga!"

"Namjua mwanangu," Ildefons alijibu. Alimwonyesha Jovita mipira ya kupumulia, ile inayopeleka hewa kutoka kwenye mtungi hadi kinywani mwa mzamiaji. "Ioshe kwa maji na sabuni, kisha uitundike kivulini. Basi, usifanye kingine."

Jovita aliiosha vizuri. Alipokuwa akiitundika, aliona nyufa ndogo ndogo kwenye mpira. Alimfikiria mjomba chini ya maji, akivuta hewa kupitia mpira uliokauka. Nyumbani, bibi yake Kokuhirwa alipaka samli kanda za ngozi za kufungia ng'ombe, na kanda hizo zilidumu miaka bila kupasuka. Jovita alikimbia, akarudi na kibuyu kidogo, akaipaka mipira yote samli mpaka kwenye viungio vyake vya chuma.

Kesho yake, Jumamosi, wakati wa kupakia, mjomba alishangaa. "Aisee! Inang'aa kama viatu vya padre siku ya Pasaka!"

Hata Mushumbusi alitikisa kichwa kwa kukubali. Ildefons aliweka mkono begani mwa binti yake.

Ndipo dereva, Muhidini, alipotaka kuweka kopo la grisi kando ya mitungi.

"Hapo hapana!" Rugaibula alimzuia. "Mafuta ya aina yoyote yasikaribie vifaa hivi. Yanaozesha mpira. Tena yakiingia kwenye koki ya mtungi, ile hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu inaweza kuyawasha moto."

Mkono wa baba ulikuwa bado begani mwa Jovita. Akisema, baba ataaibika mbele ya Mushumbusi, na kijiji kitaendelea kunywa maji machafu. Muhidini aliwasha injini.

"Mjomba, waitu, tafadhali, usiende!" Jovita alipaza sauti. "Sikuiosha tu mipira. Niliipaka samli. Niliona nyufa, nikaogopa itakukatikia majini."

Injini ilizimwa. Rugaibula alishika mpira mmoja, akaunusa, kisha akaikagua yote. "Hii haitumiki tena," alisema. "Tutasubiri mingine, ije kwa meli kutoka Mwanza."

"Nilisema mimi!" Mushumbusi aliguta.

"Na mimi nilimwambia la kufanya bila kumwambia sababu," Ildefons alisema. "Sehemu hiyo ni yangu."

Siku hiyo baba na binti walisugua kila koki na kila tundu la ubao kwa maji ya moto na sabuni. Kijijini ulitumwa ujumbe kwamba maji ya ukingoni yachemshwe kabla ya kunywewa.

Meli ilileta mipira mipya, na wazamiaji wakaondoka. Waliporudi, bomba lilikuwa limezibuliwa na maji yalikuwa yakifika kijijini.

Rugaibula aliketi na Jovita kwenye ngazi ya Kombi. "Upendo wako ulikuwa wa kweli," alisema, "lakini upendo haukukuambia mpira ni tofauti na ngozi. Kazi usiyoijua, uliza kwanza. Na ukishakosea, sema mapema, kama ulivyofanya. Ungenyamaza ili usimwaibishe baba yako, huenda leo mngekuwa mnanizika."

Kisha akamwekea mapajani ile mipira mipya, yenye chembechembe za matope ya ziwani. "Haya, ioshe."

Jovita aliitazama mipira, akamtazama mjomba wake.

"Nitaiosha. Lakini mjomba, kwa nini itundikwe kivulini?"

Rugaibula alicheka, akasogea ili Ildefons, aliyekuwa akiwakaribia, naye akae, na akaanza kueleza jinsi jua linavyopasua mpira.