Kicheche wa Thelma na Samaki wa Kuchekesha Watu

Kila Jumapili alasiri, Thelma Grimshaw, mjane wa mji wa Whitby, aliketi jikoni kwake akimenya kamba mmoja aliyechemshwa. Mmoja tu. Alimtoa kichwa, gamba na mkia, akakata kipande kama ukucha, bila chumvi, bila siki, akampa Tansy. Huyo Tansy alikuwa kicheche wa kufugwa. Nasema kicheche mnyama, jamani, msianze kucheka! Mwili mrefu kama soksi, manyoya rangi ya maziwa, na ndiye wa mwisho katika vicheche ambao marehemu mumewe Thelma aliwatumia kufukuza sungura mashimoni. Siku nyingine zote Tansy alikula nyama. Kamba alikuwa peremende yake, na peremende hailiwi kwa sahani.

Amani hiyo ilivunjwa na simu ya mkwe.

Kirsty, binti yake Thelma, na mumewe Lyndon walihamia pale wakati paa la nyumba yao likitengenezwa. Jioni moja Lyndon alimrekodi Tansy aking'ang'ania gando la kaa, akairusha video mtandaoni. Watu elfu tatu wakacheka. Basi! Tangu hapo haikupita jioni bila kioja: leo samaki aina ya heringi, wabichi, kesho kome wa siki, keshokutwa samaki wa moshi mwenye chumvi ya kukausha ulimi, kisha gando tena.

"Lyndon, huyo si pipa la taka," Thelma alimwambia.

"Mama naye! Si anapenda mwenyewe? Mwone anavyorukia."

"Hata wewe unapenda bia. Mbona sikumiminii kwenye uji?"

Kirsty alicheka, kisha akauona uso wa mamake. "Lakini mama, samaki si ni afya?"

"Kipande kidogo, kilichoiva, kisicho na mwiba wala gamba wala chumvi, hicho sawa. Samaki mbichi kila siku anamlegeza miguu. Baba yako alizika vicheche wawili hivyo hivyo. Na magamba hayasagiki tumboni mwake."

"Sawa, daktari," Lyndon akasema, na simu bado iko mkononi.

Mwezi huo dada yake Thelma alipasuliwa goti huko mji wa Hull, ikabidi Thelma akamuuguze wiki tatu. Mlangoni aliwakumbusha tena: nyama, maji, na kamba wa Jumapili. Kirsty akajibu, "Nimesikia, mama." Alisikia kweli. Lakini alitoka alfajiri kwenda kazini kwenye duka la mikate, akarudi hoi, akakuta mumewe anamrushia Tansy samaki mbichi, akapita kwenda kulala. Huyu binti naye nitamsema, maana ukimya wake ulishika sahani upande wa pili.

Wiki ya tatu simu ililia Hull. Ni Wilf Brearley, mzee aliyekuwa akiwinda na marehemu.

"Thelma, umeziona video za mkweo?"

"Mimi na mambo hayo wapi na wapi?"

"Anasema mnyama anacheza dansi. Ameweka na muziki. Watu elfu tisa wanacheka. Nimefuga vicheche miaka hamsini, Thelma. Yule hachezi. Miguu ya nyuma haimbebi."

Thelma alipanda basi la kwanza. Alipofungua mlango wake alimkuta Tansy juu ya zulia, anayumba, anaanguka, anajikokota, mate yanamtoka. Lyndon alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Mama, umerudi! Ngoja kidogo, usipite mbele ya simu."

Thelma alipita. Alimfunga mnyama katika sweta lake, akaenda naye moja kwa moja kwa daktari wa wanyama. Kirsty, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, aliwafuata mbio.

Daktari alimpiga picha ya tumbo, akarudi amekunja uso. Heringi wabichi walikuwa wameharibu mwilini mwake vitamini ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji. Kwa hilo zipo sindano. Lakini kipande cha gando kilikuwa kimeziba utumbo, na utumbo umetoboka.

"Angeletwa siku nne zilizopita, angepona," daktari akasema.

"Siku nne zilizopita alikuwa anachekwa," Thelma akajibu.

Tansy alikata roho kabla ya kupasuliwa, pua yake ikiwa kiganjani mwa Thelma. Kirsty aliegemea ukuta akilia. "Niliona, mama. Niliona nikanyamaza."

Nyumbani, Lyndon alikuwa na maneno tayari. "Mimi sikujua, mama."

"Ulijua! Nilikwambia hapa hapa jikoni, ukaniita daktari."

Simu ya Lyndon ikalia, ikalia tena. Watu wanauliza: mcheza dansi wetu yuko wapi?

"Wajibu," Thelma akasema.

"Nitawaambia nini?"

"Kuandika unajua. Andika ukweli."

Lyndon aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe aliandika: "Hakuwa akicheza. Alikuwa anaumwa, na niliyemlisha ni mimi. Amekufa." Thelma alisoma neno kwa neno, akamrudishia simu, akamwambia kesho yake arudi kwenye nyumba yake, iwe na paa au isiwe nalo.

FUNZO

Mnyama hajui kukataa tonge linalomuua. Kukataa ni kazi ya anayemlisha. Ukimpa kicheche wako kitoweo cha baharini, kiwe kidogo, kiive, kimenywe gamba, kisiwe na chumvi, na kiwe mara mojamoja. Akiyumba, usitafute simu ya kurekodi, tafuta daktari. Na wewe uliyeona ukanyamaza, nawe uliyecheka ukiwa mbali, msijitoe. Tansy alikuwa na walaji wengi wa furaha yake, na mtetezi mmoja tu, naye alikuwa Hull.