Nguo Nyeusi kwenye Dirisha la Magharibi

Ufunguo wa kanisa dogo la Lok-Mevel ulikuwa mrefu kama mwiko, na ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni kwa Mama Katell, mwenye shamba lililopakana na makaburi. Jioni hiyo ya Novemba, Goulven Tanguy alikwenda kuuchukua. Tumbo lake lilimtangulia kuingia mlangoni, na mdomo wake ukalitangulia tumbo.

Alikuwa mpiga picha. Nusu ya umri wake aliimalizia kwenye makanisa ya jimbo la Bretagne, akipiga picha vioo vya rangi na matao ya mawe, na alipenda kuwaambia watu kwamba hakuna wateja wazuri kama watakatifu. Hawapepesi macho, na hawalalamiki kwamba wametoka wanene.

Mama Katell hakucheka. Alimmiminia kahawa, kisha akamweleza habari za dirisha la magharibi, lile la juu ya mlango. Kuna ndoano mbili za chuma pale. Nyumba yoyote ya parokia ile ikifiwa, wenyewe hutundika nguo nyeusi kwenye ndoano hizo. Walio makaburini wakiiona huja kukesha, na huuliza jina la marehemu.

"Na kama hakuna aliyekufa?" Goulven akauliza, akichovya biskuti.

"Watamtaka marehemu hivyo hivyo. Kutoka nyumba ya aliyetundika. Asipotajwa, wanamfuata wa nyumba hiyo aliye njiani. Kwa hiyo, mwanangu, humo ndani usitundike hata koti."

"Mama Katell, koti langu likitundikwa watadhani amekufa tembo."

Bibi akamtazama kama mtu anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika. Kisha akampa ufunguo.

Nyumba ya Goulven ilikuwa na watu wawili tu. Mkewe, Enora, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Alibaki yeye na binti yake, Rozenn, nesi kule Brest, na jioni hiyo Rozenn alikuwa barabarani, kwenye mvua, akija kulala kwa baba yake. Goulven alitaka amalize kazi mapema, akampikie.

Kanisani kulinukia chokaa mbichi. Juu, ncha za boriti zilikuwa zimeng'atwa na madude ya kuchongwa yenye macho ya kutoka, na mbele, nyuma ya altare, lilisimama dirisha kubwa la Mateso ya Yesu: askari wenye pua za kuchekesha, Yuda mwenye nywele nyekundu, na chini kabisa, bwana aliyelizawadia kanisa dirisha lile, amepiga magoti, mbwa wake amelala miguuni. Mbingu ilikuwa ya kijivu, na kijivu ndiyo mwanga mzuri kwa vioo. Goulven akasimamisha kamera, akaanza kupiga kipande kimoja baada ya kingine, akiwatania askari.

Vilipobaki vipande vichache, jua likachungulia chini ya mawingu.

Mwanga wake ulipenya dirisha la magharibi, ukaruka kanisa zima, ukalipiga lile la Mateso kwa ndani. Bluu ikapauka. Nyekundu ikawa kama imemwagiwa vumbi.

Kila mpiga picha wa vioo anajua dawa yake. Unaziba dirisha la upande wa pili kwa nguo nyeusi. Goulven alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mikono yake haikuhitaji tena ruhusa ya kichwa. Ngazi... nguo... ndoano ya kulia, ndoano ya kushoto. Alikuwa amesharudi kwenye kamera, bluu imesharudi kwenye kioo, ndipo akakumbuka.

"Aa," akasema taratibu. "Goulven, wewe ni punda."

Akajiambia apige kwanza vilivyobaki, kisha aitoe.

Krii...

Benchi la nyuma.

Mbao kuukuu, akajisemea. Unyevu.

Krii... krii...

Likafuata la mbele yake. Na la mbele yake tena. Yalikuwa yanalia moja moja, mlio ukisogea kuelekea alipo, kama yanavyolia watu wakikaa kwa adabu. Ikaja harufu ya nta. Kisha ya sufu iliyolowa mvua. Kisha ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Akageuka. Mabenchi yalikuwa matupu.

Lakini mbao zake zilikuwa zimebonyea.

Ngazi ilikuwa kule mlangoni, na ili kuifikia ilimbidi apite katikati yao. Akabaki penye kamera.

Mnong'ono ukatoka karibu na kiwiko chake, kama wa mtu mfupi sana.

"Kwa ajili ya nani?"

Jibu lililomtoka lilikuwa la kijinga. "Samahani... hiyo ni nguo ya kazi tu."

"Kwa ajili ya nani?"

Akilini akamwona Rozenn. Aliuona mkono wake kwenye usukani, lami inayoteleza, waipa zile za kioo cha gari ambazo tangu kiangazi alikuwa anamwahidi kumbadilishia. Ndipo akili yake, ambayo haikuacha utani hata kaburini, ikamletea ujanja. Wape aliyekwisha kufa.

"Enora," akasema. "Enora Tanguy."

"Huyo tunaye."

Na kwenye benchi la pili mtu akavuta pumzi puani, fupi, kali. Goulven aliijua pumzi ile. Ndivyo Enora alivyokuwa akivuta kila alipokaribia kumgombeza.

"Taja mwingine," mnong'ono ukasema. "Au tumfuate aliye barabarani?"

"Mimi," Goulven akasema haraka. "Goulven Tanguy. Ni mimi."

Wakaanza kusali. Hakuyasikia maneno, alisikia jina lake tu, likipita kinywa hadi kinywa chini chini, kama maji yanayopita chini ya sakafu. Kisha wakanyamaza.

"Twende?"

"Kazi haijaisha."

Haukuwa ushujaa. Ndilo jibu alilompa kila mteja maisha yake yote, na lilitoka lenyewe.

Mahali fulani maji yalidondoka.

"Tutangoja iishe."

Mabenchi yakalia yote kwa pamoja. Baridi ikampita begani, ikatoka nje.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kile cha mbwa aliyelala. Goulven akaitungua ile nguo, akakunja vyombo, akamwacha mbwa palepale.

Alipourudisha ufunguo, Mama Katell aliutazama uso wake tu, akauliza amewapa nani. Goulven akamweleza yote. Bibi akafanya ishara ya msalaba.

"Basi uwe mvivu, mwanangu," akasema. "Uwe mvivu sana."

Rozenn alifika salama usiku ule, akilalamikia waipa.

Majira yote ya baridi Goulven akawa mvivu. Ofisi ya makumbusho, iliyomwagiza picha zile, ilipiga simu kuulizia mbwa. Mafundi walikuwa waje baada ya Pasaka kuliteremsha dirisha, na walitaka picha zikamilike. Akasema mgongo unauma, lenzi imeingia ukungu. Rozenn alikuwa akimsikia akitoa visingizio hivyo simuni, akaona anavyoipita kamera bila kuitazama. Akadhani baba yake anamlilia mama upya. Goulven hakumwambia. Angemwambiaje kwamba alimnunua kwa jina lake mwenyewe?

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, Goulven alikuwa jikoni akikaanga chapati nyembamba za ngano nyeusi, Rozenn akaingia na matope kwenye viatu na kamera ya baba yake shingoni. Akaketi mezani, akamgeuzia kioo cha kamera.

Mbwa alikuwa amelala. Kila uzi wa manyoya yake ulionekana.

"Nimekumalizia, Baba. Mama Katell kaenda kwa dada yake, mkwewe akanipa ufunguo."

Goulven akashusha moto wa jiko.

"Ulikuwa peke yako?"

"Hapana, walijaa wazee, kimya, nadhani walikuwa wanangoja misa. Wapole mno. Mmoja mfupi akaniuliza kama kazi ya baba yangu imeisha."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia imeisha yote, hakuna kilichobaki. Akanishukuru sana."

Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeleta zawadi. Goulven akaitazama picha tena, akamwambia ni nzuri, nzuri kuliko zake zote, kwamba huyo mbwa ukimpigia mluzi ataamka. Rozenn akacheka. Goulven akamwekea chapati ya kwanza kwenye sahani, siagi tele, akamwambia ale ingali moto.

Nyuma ya Goulven, karibu na mlango, benchi la jikoni likalia.

Hakugeuka. Rozenn aliinua macho kutoka kwenye sahani, akatabasamu, akasogea kidogo, kama mtu anayempisha mgeni akae.