Kitundu Pembeni mwa Mdomo

Mkewe alikuwa akimmiminia chai ya asubuhi alipokiona: kitundu kidogo pembeni mwa mdomo wa mumewe, kisicho na damu wala kidonda. Alipokunywa, chai ilipenya hapo ikamchirizika kidevuni.

"Umejichoma na ndoano?"

"Sijui. Nimeamka nacho."

Ndoano isingekuwa ajabu. Mumewe, ambaye watu walimwita Mkono Mwepesi, aliwaongoza wageni kuvua samaki aina ya trauti kwenye ziwa la juu, kule kwenye nyasi na ukungu ambako hata mti hauoti; nyumba yao ilikuwa papo hapo ufukoni. Mkewe ndiye aliyemtengenezea ndoano. Alizibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, mezani jikoni, akazifunga manyoya ya jogoo kwa uzi mwembamba mpaka kila moja ifanane na mdudu aliyeangukia maji. Lakini ndoano huchana. Hiki kilikuwa duara safi, na kilinuka tope.

"Ni yule samaki wa Jumamosi," alinong'ona mumewe.

Jumamosi alikuwa amenasa trauti mweusi, mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona. Badala ya kummaliza, alimchezea ili wageni wapige picha. Alimvuta, akamwachia, akamvuta tena, saa nzima, huku wageni wakicheka na yeye akicheka nao. Samaki alipochoka akaelea ubavu, jicho lake lilimtazama, kisha likapepesa. Samaki hana kope. Mkono Mwepesi alimchomoa ndoano, akamrudisha majini na kujilazimisha kusahau.

Siku ya tatu, wakila chakula cha mchana, kichwa chake kiligeuka ghafla dirishani. Mdomo wake ulivutwa upande mmoja, ukatanuka kama umeshikwa na uzi usioonekana. Alinyanyuka, akatoka na soksi tu miguuni, na mkewe akamkimbilia akamshika mkanda, mama yake Mkono Mwepesi, aliyeishi nao, akamshika mkewe kiuno, wakaburutwa wote watatu kwenye nyasi zilizolowa mpaka maji yakawafika magotini, na hapo, walipokuwa hawana tena pumzi hata ya kupiga kelele, lile lililovuta likaachia, wakaanguka chali, wakasikia ndani ya ukungu kicheko cha watu wengi, kicheko cha wageni waliofurahi, ilhali ziwani hapakuwa na mtu.

Ikawa kila siku. Walipomfunga kitandani, mdomo ulianza kuchanika, wakamfungua.

"Ananiachia makusudi," alimwambia mkewe, mashavu yamemwingia ndani. "Nikianza kuamini kwamba amechoka, ndipo anavuta."

Walimwita mganga, mwanamke mnene mwenye haraka ya mtu anayesubiriwa kwingine. Alifukiza ubani, akauliza aliyemo anataka nini. Sauti ilitoka kwenye kitundu, midomo ya mgonjwa ikiwa imefumba.

"Sijamaliza kucheza."

Mganga alifunga mkoba wake. Alingoja mke aende kumwaga majivu nje, ndipo akawainamia mama na mwanawe.

"Huyu sina dawa ya kumtoa. Anahama tu. Mdomo kwa mdomo."

"Ahamie kwa nani?" aliuliza mama.

"Kwa yeyote. Na mimi hapa sikusema kitu."

Mama na mwana hawakutazamana. Kesho yake mama alijitanda khanga, akasema anakwenda kuchuma mboga nyuma ya nyumba, akawaacha peke yao jikoni.

Mke alikuwa ameinama juu ya jiliwa, uzi umebanwa menoni, mumewe alipomwekea mkono begani. Wiki nzima alikuwa hajamgusa. Moyo wake ulipata nafuu. Akautoa uzi mdomoni, akainua uso, wakabusiana, na mumewe akamshika kisogo asijitoe mapema.

Alisikia mchomo mdogo, kisha ladha ya tope ulimini. Alipojing'oa, aliona mdomo wa mumewe umeziba, ngozi laini kama ya mtoto. Akajipapasa wake, kidole kikaingia kwenye kitundu.

"Umenifanya nini?"

Mumewe alikuwa akilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

"Mama," mke aliita, akimgeukia mkwewe aliyekwisha kurudi na kusimama kizingitini bila jani hata moja mkononi. "Mama, nishikeni."

Mama mkwe aliufungua mlango wote, akasogeza ndoo ya maji kando, isije ikamkwaza.

Mvuto wa kwanza ulikuja polepole, kama wa mtu anayejaribu uzito. Mke aliling'ang'ania shati la mumewe kwa mikono miwili.

"Usishindane naye," mumewe alimwambia taratibu, kwa sauti ileile ya kuwafundishia wageni. "Ukishindana ndiyo anafurahi."

Kisha akavibandua vidole vya mkewe, kimoja kimoja.